Virusi Kwenye Kidonda cha Otari

Ketino, uko wapi? Nakuandikia toka hospitalini.

Dada Lamzira alitaka kumpiga daktari! Lamzira, yule mpole!

Unajua kidonda cha shemeji Otari kilivyokataa dawa zote tangu tumlete Tbilisi. Mpasuaji alishasema, Ijumaa anaukata mguu. Jumatatu akaja Daktari Eteri na kichupa. Lamzira akauliza ni nini. "Virusi."

VIRUSI, Ketino!

Lamzira akampokonya. "Unataka kunifanya mjane?"

"Mama, hivi havishiki seli za mtu, vinashika bakteria tu. Kirusi kinajibandika kwa bakteria, kinamwingizia chembe zake za urithi. Basi bakteria anaacha kazi zake, anatengeneza virusi tu, hata mia, mpaka anapasuka. Hivyo vipya vinamwendea mwingine."

"Na bakteria wakiisha?"

"Vinakosa pa kuzaliana. Vinaisha navyo."

Lamzira hakukiachia kichupa. Otari ndiye aliyenyoosha mkono. "Lete, mke wangu. Mguu ni wangu."

Akampa. Wakakimimina kidondani. Jioni homa ikapanda, kitanda kikawa kinatikisika. Lamzira akapiga magoti sakafuni: "Nimemuua! Nilikuwa nacho mkononi nikakitoa!" Ketino, hata mimi niliamini tumemuua.

Asubuhi homa ikashuka. Kila siku wakamimina tena. Kila siku Lamzira akageukia ukuta.

Sasa hivi wamefungua bendeji. Harufu hakuna. Nyama nyekundu, safi. Mpasuaji ameinama, ameitazama weee, kisha amesema, "Kesho sikati."

Otari amecheka. Lamzira amegeuka kutoka ukutani, ameubusu ule mguu.