Kumi na Tatu kwa Thelathini

Rau, Moshi
21 Novemba 1999

Kaka yangu Kornel,

Shikamoo kaka. Hamjambo huko Mwanza, wewe na shemeji Victoria pamoja na watoto? Yule mdogo aliyekuwa akikohoa amepona? Mimi kwa upande wa mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mama naye hajambo. Nilipanda Kilema Jumapili iliyopita nikamkuta anapalilia ile mibuni ambayo mimi na wewe tumemshauri mara mia aing'oe, abaki na migomba. Akaniambia kwamba mibuni hiyo ndiyo iliyonisomesha, kwa hiyo nikipita karibu nayo niwe na adabu. Mguu bado unamsumbua akishuka mferejini, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata, usidhani ilipotea. Umesema Krismasi hii tukishakusanyika wote nyumbani unataka tulijengee kaburi la mdogo wetu Sirili kwa saruji, na kwamba mimi ndiye msomi, nichague maneno ya kuandika. Halafu ukaongeza kile kifungu cha mwisho, kwamba miaka sita sasa, tangu tumzike, unasikia sauti yako mwenyewe ikimwambia marehemu kwamba kichwa chake ni kama yale mawe aliyobeba. Nimeanza kukujibu mara nne na mara nne nimechana karatasi. Leo naimaliza hii, na ninakuomba uisome yote kabla hujamwambia shemeji lolote.

Niruhusu nianzie kwenye kazi yangu, kwa sababu mambo yote yametokea humo. Mwaka jana ulinicheka, ukasema hujawahi kusikia mtu anakwenda chuo kikuu kusomea mitihani badala ya masomo, ukaniita mpima mizani. Basi hukukosea. Ninachofanya ni kuchukua insha moja ya mtoto, kufuta alama zote, kisha kuwapa walimu watano waisahihishe, kila mmoja kivyake, bila kuonyeshana. Wakikaribiana, tunasema alama ile ni ya mtoto. Wakipishana sana, basi ile alama ni ya mwalimu, na mtoto amebebeshwa tu.

Nilihitaji insha za zamani, nikazipata kwenye sekondari yetu, ile ya wananchi. Unakumbuka ilivyojengwa. Kila nyumba ilipangiwa mawe ya kupandisha kutoka mtoni, wewe ulikuwa tayari na kazi mjini, mimi nilikuwa mwalimu na nikajiona mkubwa, na baba alikwisha fariki. Zamu yote ya nyumba yetu aliibeba Sirili, na alikuwa na miaka kumi na minne. Shule ilipofunguliwa mwaka 1987 nafasi zilikuwa arobaini na watoto waliozitaka walikuwa zaidi ya mia mbili, ndipo Mzee Ebenezeri, mkuu wa shule wa kwanza, akatunga mtihani wa kuwachuja. Yule mzee hajatupa karatasi maishani mwake. Zile za mwaka huo nimezikuta stoo nyuma ya ofisi ya walimu, zimo kwenye magunia ya kahawa, panya wamekula pembe tu.

Watoto hawakuandika majina, waliandika namba. Majina yalikuwa kwenye orodha aliyoifungia Mzee Ebenezeri, ili pasiwe na upendeleo. Walimu wanne waliosahihisha nao walipewa herufi, A hadi D, na kila mmoja aliandika herufi yake pembeni kwa wino mwekundu. Nilichagua insha sitini, nikafunika alama na herufi, nikawapa walimu wangu watano wa kutoka mjini, watu wasiomjua yeyote huku kwetu.

Majibu yalipokuja niliyapanga kwenye jedwali nikampelekea msimamizi wangu, Dokta Hajira, ambaye alikuwa likizo nyumbani kwao hapa hapa Moshi. Ni mama mpole, lakini akishika kalamu ni mkali kama pilipili kichaa. Alipitisha kidole kwenye mistari kisha akasimama. Akaniambia nimtazame huyu msahihishaji B wa mwaka 1987. Insha zake zote zinakubaliana na walimu wangu watano, tofauti ni alama moja au mbili, mwalimu mzuri kabisa. Isipokuwa karatasi namba 112. Hiyo walimu watano wameipa ishirini na mbili, ishirini na moja, ishirini na tatu, ishirini na mbili na ishirini. B aliipa kumi na tatu kwa thelathini.

Nilisema labda alichoka. Dokta akatikisa kichwa, akasema mtu aliyechoka hukosea karatasi nyingi, hachagui moja. Huyu aliamua, alisema. Halafu akaniambia nina njia mbili: niitoe hiyo 112 kwenye jedwali, kwa sababu karatasi moja kati ya sitini haiharibu utafiti, au nimtafute huyo B, kama yu hai, nimuulize. Nikamjibu nitamtafuta. Nilipokuwa nakusanya makaratasi yangu akaniuliza jambo jingine, kama utani tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahihisha zile sitini kwa majaribio, na yeye alikuwa amehesabu. Nimetoa kumi na mbili mara saba na kumi na nne mara tisa, lakini kumi na tatu sijampa mtoto hata mmoja. Nikasema ni bahati tu.

Si bahati, kaka. Tangu mwaka ule sijawahi kuandika kumi na tatu. Miaka kumi na miwili ya daftari, maelfu, na kila nikifika kwenye kumi na tatu mkono unakataa, nampunguzia mtoto au namwongezea. Na nikisahihisha nikiwa peke yangu nasikia mtu anasoma kwa kunong'ona nyuma ya bega langu, polepole, neno kwa neno. Unajua ni nani aliyekuwa akiandika huku ananong'ona. Nimehama nyumba mara mbili, nimehama shule, nimeombewa na padre. Mnong'ono haujanisahau.

Karatasi 112 inaitwa "Siku Nisiyoisahau". Anasimulia siku ya kumaliza mawe. Anasema alibeba mia moja na nne kwa hesabu yake mwenyewe, na lile la mwisho aliliandika jina lake kwa mkaa upande wa chini, akamsihi fundi aliweke karibu na mlango wa kidato cha kwanza, ili akiingia darasani ajue anapita kwenye jiwe lake. Halafu anaandika hivi, nainakili kama ilivyo: "Dada yangu ni mwalimu. Jioni tukikaa jikoni ananifundisha kupanga maneno, nami ninamwahidi sitamwaibisha."

Sasa unajua kwa nini namba haikumficha.

Msahihishaji B ni mimi, kaka.

Nilimjua kabla sijafika mstari wa tatu, kwa mwandiko ule unaolala kama migomba baada ya upepo. Ilikuwa insha ya ishirini na mbili. Niliisoma nikaona ni ishirini na mbili, na nilikuwa na furaha, Mungu ananiona. Lakini mwaka ule kata nzima ilikuwa na maneno, kwamba walimu wanapandisha ndugu zao, na kwamba shule ya mawe ya wote itajaa watoto wa wachache. Na yule mwalimu aliyekaa kando yangu alikuwa amekwisha niuliza, huku anacheka, kama mdogo wangu naye yumo. Nikaona nikimpa ishirini na mbili watasema ni dada yake. Nikaona hata kumi na nane wataisema. Nikaandika kumi na tatu, nikaigeuza ile karatasi nikachukua nyingine. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi.

Ningeweza kukuambia niliogopa maneno ya watu, na ingekuwa kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo mbaya. Nilitaka kusifiwa. Na nilisifiwa, wewe ulikuwepo kwenye ule mkutano wa wazazi, Mzee Ebenezeri aliposimama akasema mwalimu Lukresia amemwacha mdogo wake wa damu, na watu wakapiga makofi. Mama alipiga makofi. Alisema mtoto wake hana upendeleo, na machozi yanamtoka. Mwaka uliofuata jina langu ndilo lililopelekwa nikasome zaidi. Kisomo hiki unachoniambia nikitumie kuchagua maneno ya kaburi kilianzia hapo.

Wewe siku ile ulichukua fimbo, ukamwambia maneno yale ya kichwa na mawe, kwamba mtu mwenye mwalimu ndani ya nyumba akishindwa hana wa kumlaumu. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kila kitu nikaendelea kukoroga uji. Baadaye alinijia, shati limepasuka mgongoni, hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza kama ningeweza kumtafutia karatasi yake aone alikosea wapi, ili mwakani arekebishe. Nikamwambia karatasi za mtihani hazirudishwi. Akasema haya dada. Miezi mitatu baadaye akaenda zake Mererani machimboni, na mengine unayajua, ni wewe uliyeuleta mwili wake kutoka shimoni.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Mzee Ebenezeri, amestaafu, macho yamefifia. Nilidhani nitamwambia peke yake kwanza, kama mazoezi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia kuna jambo limemkaa moyoni. Alisema insha ya Sirili ilimshangaza hata siku ile, aliiona ni nzuri kuliko alama yake, na alitaka kumpa msahihishaji mwingine airudie. Lakini yeye ndiye aliyegawa herufi, alijua B ni nani. Akajiambia, kama dada mtu amempa kumi na tatu, mimi ni nani nimwongezee? Akairudisha kwenye gunia. Kisha akanishika mkono akaniomba nimsamehe, kwamba pengine aliniamini kupita kiasi. Kaka, mzee wa miaka sabini na nane aliniomba mimi msamaha, nami nilikunywa chai yake nikaondoka.

Tena nikuambie na hili, ili pasibaki kitu. Karatasi 112 haikuingia kwenye utafiti kwa bahati. Niliitoa kwenye gunia siku ya kwanza, nikaiweka mwenyewe. Niliwapa watu watano wasiomjua, na usiku na mchana nilimwomba Mungu angalau mmoja wao aandike kumi na tatu. Mmoja tu angenitosha. Hakutokea.

Nimekwisha mwandikia Dokta Hajira. Sitaitoa ile karatasi kwenye jedwali, na nimemwambia B ni nani. Sijui wataniacha nimalize au la, na sijui kama nitaruhusiwa tena kushika kalamu nyekundu. Hilo nitalibeba. Linalonitetemesha ni Mama. Siku ya mazishi aliwaambia watu kwamba Sirili Mungu alimnyima kichwa cha kusoma akampa moyo, na mpaka leo anayarudia maneno hayo kila akimwombea. Nataka Krismasi hii, tukiwa wote, kabla saruji haijachanganywa, nimwambie kwamba hakunyimwa. Nitamwambia mwenyewe. Nakuomba tu usiwe umekaa mbali.

Na wewe kaka, ile sauti unayoisikia, iache. Ulimpiga kwa uongo niliokupa mimi. Neno lile la jiwe lilitoka kinywani mwako, lakini lilikwisha andikwa kwa wino wangu.

Umezoea mila zetu, kwa hiyo utakuwa umefungua tena bahasha ukitafuta jani la isale. Sijaliweka. Nilichuma mawili pale mpakani mwa kihamba chetu cha migomba. Moja nimelifunga fundo nikaliweka kwenye kaburi la Sirili, kwa kuwa yeye hawezi kulipokea wala kulikataa. Lako nilikwisha lifunga nikalifungua tena. Tunajua wote kwamba mtu akiletewa isale ni lazima asamehe, hata kama moyo hautaki, na mimi nimechoka kupewa nisichostahili. Amua mwenyewe, kwa muda wako.

Badala yake nimekuwekea nakala kivuli ya insha yake, kurasa mbili. Nimefunika alama na ile herufi. Aliomba arudishiwe nami nikamkatalia, basi naileta kwako kwa sababu sina pengine pa kuipeleka. Isome polepole, ikiwezekana kwa sauti, maana ndivyo alivyoiandika. Juu kulia nimeacha nafasi ya alama. Ukifika Desemba njoo nayo, na maneno ya kaburi tutayatoa humo humo, yeye mwenyewe aliyapanga vizuri kuliko nitakavyoweza.

Nisalimie shemeji Victoria, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Majirani wote wa Kilema wanakusalimu, na Mama anasema usisahau kumletea samaki wa kukausha. Safari njema ya kuja nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Lukresia