Jina la Zabet Ndani ya Kioo

Grand Bay, Carriacou
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu mpendwa Zabet,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani yetu, na zikipungua chota tena. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Winfield na wapwa wangu, na kwamba baridi ya Huddersfield haijala vidole vya mtu. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu uliokuwa ukivimba ulipona wenyewe pale tu ulipomwona muuguzi na sindano yake. Waambie wapwa wangu kwamba Mjomba Cosmus bado ndiye mwenye nguvu kuliko wote Grand Bay, na kwamba yule papa niliyewasimulia kwenye simu nilimvuta kweli kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sahani. Labda sahani niliiweka chini kidogo.

Najua umezoea nikupigie simu. Leo nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu mimi husema sana, na jambo nililo nalo halimtaki msemaji. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujalipia tiketi ya kuja kwenye karamu ya jiwe la kaburi la Mama. Ukimaliza, uamue mwenyewe kama utakuja.

Kwanza habari njema. Jiwe limefika. Ni jeusi, linang'aa, unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na nakuhakikishia hakuna waziri aliyezikwa chini ya jiwe kama hilo. Kondoo nimepata wawili na beberu mmoja, ingawa ukija utasikia watu wakisema ni wanne na ng'ombe. Hayo ni maneno yangu, usinitobolee siri. Wapiga ngoma wamekubali. Binamu Lodisia ataviringa ugali na mbaazi, na ramu ni ile kali inayozamisha barafu. Jiwe tumelilaza kwenye kitanda cha Mama na kulifunika shuka jeupe, kama alivyofanyiwa Bibi, na hakuna wa kulifunua kabla ya siku yenyewe.

Nilimwambia fundi achonge hivi: Atilda Bethel, amewekewa na wanawe, Cosmus na Zabet. Sikutaka Elizabeth. Elizabeth ni la pasipoti, na Mama alilitumia siku ulizovunja vyombo tu.

Sasa sikiliza. Fundi huyo, Kenrick, ni kijana wa Hillsborough, hakujui wewe. Tulipokwisha kulilaza jiwe akafuta jasho, akaniuliza kwa adabu kabisa, samahani Anko, mbona mmeweka jina la lile dudu kwenye kaburi la mama yako? Nikamuuliza dudu gani. Akasema si huyo Zabet wa makumbusho, aliyekunywa mto. Binti yake hakubali kuchota maji tangini jioni kwa kumwogopa. Kisha akacheka, akasema kila ukoo una ndugu wa kuonea aibu, lakini akina Bethel tumezidi, sisi tunamchonga kwenye jiwe. Nilimfukuza, Zabet. Hata soda sikumpa. Akaondoka akisema niende nikaone mwenyewe.

Makumbusho yenyewe yako kwenye nyumba ya marehemu Mwalimu Quashie, chumba kimoja na baraza. Nilikuwa nimeshawaambia watu wa kisiwa kizima kwamba bila mimi yasingekuwepo, ila kuingia sikuwahi. Anayeyatunza ni Bi Orelia, mwanamke wa L'Esterre, mkali kama pilipili ya mbegu. Aliponiona mlangoni akatangaza kwa sauti kwamba mwenye mali amekuja kukagua mali yake, ila kiingilio ni kilekile kwa mwenye mali na asiye na mali. Nikalipa.

Ndani kuna vigae vya vyungu, kuna mashoka ya magamba ya kombe, kuna mifupa ya kasa walioliwa na watu wa kale kabla meli yoyote haijaonekana huku. Nilipita nikitikisa kichwa kama mtu anayevikumbuka vyote. Halafu nikafika kwenye kioo cha mwisho, kilichowekewa taa yake peke yake.

Ni sura ndogo ya udongo, ukubwa wa ndimu. Macho yametoka. Mdomo wa juu umepasuka katikati mpaka puani. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: ZABET. Chini wameeleza kwamba kwa mapokeo ya wazee wa Grand Bay, huyo ni pepo aliyeunywa mto wa kisiwa, mdomo ukapasuka kwa kuuma jiwe la chemchemi.

Walikuwepo watoto wa shule na mwalimu wao. Akawauliza mto wetu uko wapi. Wakajibu kwa pamoja, Zabet kaunywa! Akauliza, akafanyaje baadaye? Wote wakacheua, kwaak, chumba kizima, kisha wakajivuta midomo kwa vidole mpaka ufizi ukaonekana, na kukimbizana barazani wakiitana Zabet, Zabet, njoo unywe.

Bi Orelia akaniangalia. Akaniuliza, lakini Cosmus, yule dada yako wa Uingereza si ndiye Zabet? Mwalimu akageuka kunisikiliza. Nikasema hapana. Nikasema dada yangu anaitwa Elizabeth. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama karibu na kile kioo kiasi cha pumzi yangu kukitia ukungu.

Nilitoka, nikaketi kwenye ukuta wa kanisa kama mtu aliyepigwa na jua. Maana ule mcheuo, Zabet, nilikuwa naujua. Lile jiwe la chemchemi nilikuwa nalijua.

Basi niandike. Ni mimi.

Mwaka juzi, wale wanafunzi wa chuo walipokuja kuchimba vitu vya kale pale bahari inapokula ukingo, mimi nililinda majembe yao. Watu niliwaambia mimi ndiye mkubwa wao. Mchana mmoja tukiwa tunakula chini ya turubai, binti mwenye miwani akaja na kitu alichokuwa akikisugua kwa mswaki kwenye beseni. Wote wakasogea kutazama. Profesa wao akaniuliza wazee wetu wanaiitaje sura kama ile. Vijana wetu wote wakanitazama mimi. Neno lilikuwa moja tu, sijui. Tangu nizaliwe neno hilo halijapita kooni mwangu.

Na kweli, nilipoitazama nilikuona wewe, umri wa miaka saba, umeketi juu ya tangi la maji unakula pera, kabla daktari wa huko hajakushona mdomo. Jina likatoka lenyewe. Hata hapo ningeweza kusema ni jina la dada yangu, sura imefanana naye. Lakini vijana walicheka, na kicheko kwangu ni kama ramu, kimoja hakinitoshi. Nikaongeza mto. Nikaongeza jiwe. Nikacheua. Yule binti akaandika kila kitu, akanishukuru kwa mikono miwili.

Unakumbuka Mama alivyonivunjia mwiko mgongoni siku nilipokuigiza mdomo mbele ya wageni? Mwiko ule ulikuwa wa mti mgumu. Naona haukuwa mgumu vya kutosha.

Jana nilirudi makumbusho. Nikamwambia Bi Orelia ukweli wote, mbele ya mwalimu na wageni wawili kutoka melini. Akanisikiliza, kisha akapasua kicheko. Akasema Cosmus, mwezi uliopita nyangumi alikuwa shemeji yako, leo pepo ni dada yako, na juzi tu umemkana mwenyewe hapahapa. Akasema mapokeo ya wazee hayafutwi kwa porojo za mlevi. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Uongo wangu wameuwekea taa, Zabet, na ukweli wangu hauna hata mahali pa kukaa.

Alipoona siondoki, akanionyesha mstari wa chini kabisa, ambao sikuusoma kwa sababu ya macho yangu, na kwa sababu ya uvivu. Unasema sura ile haikuwa peke yake. Ilikuwa kwenye ukingo wa bakuli kubwa, lililo zuri kuliko yote waliyoyapata, bakuli la sherehe, na ule mpasuko haukutokea kwa bahati mbaya. Umelainishwa kwa ncha ya kidole, taratibu, pande zote mbili. Kwa hiyo alikuwepo mtu hapa Grand Bay mwenye mdomo kama wako, na watu wake walipotaka bakuli la kunywea siku kuu, wakaiweka sura yake pale ambapo kila mtu angeiona. Hawakujua kusoma wala kuandika. Hata darasa la nne langu hawakuwa nalo.

Nilichoamua ni hiki. Siku ya saraka, ndiyo hiyo karamu ya jiwe, kabla ya ngoma, nikiwa namwaga ramu chini na kuwaita wazee wetu, nitausema ukweli huu mbele ya watu wote. Unajua nimewahi kudanganya kila mahali, kanisani, mahakamani, hata kitandani nikiumwa, lakini nikimwagia wafu sijawahi, na hilo Grand Bay wanalijua. Nimemwalika Bi Orelia. Amesema atakuja kwa ajili ya mbaazi.

Jina lako kwenye jiwe sitalifuta, labda uniambie wewe. Na shuka la jiwe sitalishika. Utalifunua peke yako, ukija. Mimi nitakuwa jikoni nakoroga, nikingoja kama utaniita nishike upande wa pili. Usiponiita, nitaendelea kukoroga.

Lodisia anakusalimu, na mbuzi wa Mama bado yu hai, amekuwa kipofu lakini mkorofi vilevile. Mbusu kila mpwa shavuni kwa niaba yangu, na ile habari ya papa waambie alikuwa mdogo.

Ni mimi kaka yako,
Cosmus,
ambaye mdomo uliounywa mto ulikuwa wake tangu mwanzo.