Kichwa cha Shahidi

Nyabiyonza, 4 Machi 1989

Kwa binti yangu Stephania,

Salamu toka nyumbani. Sisi wazima, kahawa imetoa maua. Wewe je, huko Bukoba na wagonjwa wako mnaendeleaje?

Naandika mwenyewe, sijaazima mkono wa mtu. Habari ni moja: vidonge vya presha nimeacha. Vyeupe vya zahanati na vya njano ulivyonitumia, vyote nilikuwa nameza, maana zawadi ya mtoto haitupwi. Ikawa nikisimama dunia inazunguka. Baraza la kata likaniita kutoa ushahidi wa mpaka wa kibanja cha mjane Nyirabageni. Watu saba tulikuwepo miti ya mpaka ikipandwa, na aliyebaki hai ni mimi. Nikataja watatu, nikakwama. Mimi! Celestin anayekitaka hicho kibanja akacheka, "Huyu mzee keshachacha." Baraza limeahirishwa hadi Mei. Sasa wiki tatu sijameza kitu, na ng'ombe wa marehemu babu nawataja wote, majina na rangi.

Baba yako Kahigi, bingwa wa kukumbuka.

Bukoba, 15 Machi 1989

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Kosa ni langu. Vya njano na vyeupe ni dawa ile ile, majina tu tofauti. Ulikuwa unameza dozi mbili, presha ikashuka mno, akili ikafifia. Lakini kuacha ghafla bila kupimwa ni hatari. Ukipigwa na kiharusi, majina yote yatabaki kichwani na ulimi hautayatoa. Nyirabageni atamfanyia nini shahidi asiyesema? Nenda ukapimwe, baba.

Mwanao Stephania.

Nyabiyonza, 29 Machi 1989

Binti yangu,

Salamu. Sisi wazima. Siendi. Aliyeficha ng'ombe kumi na wanne mwituni vita nzima haogopi damu yake mwenyewe. Na usiniandikie tena mambo ya ulimi.

Baba yako.

Bukoba, 18 Aprili 1989

Baba,

Shikamoo. Mambo ya ulimi siandiki. Wewe mzima?

Mwanao.

Nyabiyonza, 21 Mei 1989

Binti yangu Stephania,

Pokea salamu za mtu mzima kabisa.

Nilikwenda kupimwa. Si woga. Asubuhi moja nilikuwa nayarudia yale majina, la nne likatoka limepinda, kama nimetafuna pilipili. Lilinyooka kabla jua halijapanda, lakini nikachukua fimbo yangu. Mganga wa zahanati alitazama kipimo mara mbili. Amenipa nusu kidonge cheupe kila asubuhi, na kupimwa kila Jumatatu.

Siku ya baraza nilisimama, dunia imetulia. Nikataja wote saba, na mvua iliyotunyeshea, na nani alianza kukimbia. Celestin akaruka: "Nani kakufundisha?" Nikamwambia, "Baba yako. Ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba ya kupimia mpaka." Nyirabageni amebaki kwenye kibanja chake.

Jumapili baada ya misa nani kaja kwangu na kibuyu cha pombe ya rubisi? Celestin! "Shikamoo mzee. Mpaka wetu upande wa mtoni baba hakunionyesha. Ukiondoka wewe, nitamuuliza nani?" Nimemwambia Jumatatu sipatikani, kichwa kinapimwa. Aje Jumanne, tena awahi, wapo wengine wanaongoja.

Baba yako Kahigi.