Kwanza Lisimame

Kaka yangu Athmani,

Salamu zangu zikukute barazani na kikombe chako cha kahawa, zisikukute chini ya gari la mtu, maana mgongo huo si wa ujana tena. Mama aamkaje? Goti lake limetulia, ama bado anagombana nalo kila akiinuka kwenye mswala? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Ila mimi moyo haujakaa mahali pake tangu baridi ilipoanza, na sababu unaijua. Usijifanye huijui.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua na simu zipo. Kaka, kwenye simu tukikaribia jina la mdogo wetu Bakari, wewe husema mtandao mbaya na mimi husema naitwa kazini. Karatasi haina mtandao. Nimempa jirani yetu, mtu wa Kisauni, anayesafiri kuja huko akutie mkononi. Ukimsomea Mama, ishia hapa, uruke mpaka nitakapokwambia.

Basi lile gari. Ni saloon kuukuu ya kijivu ya Papa Dieudonné, shemasi wa Kikongo anayekaa ghorofa ya chini yetu hapa Tottenham. Mzee wa watu alikuwa akilitia maji kila asubuhi utadhani anamwagilia mchicha, oili akaisahau kabisa, mpaka siku moja injini ikanoki kwa kishindo mbele ya kanisa lao na waumini wakalala chini. Likakaa miaka kwenye banda la nyuma ya fleti likila vumbi. Halafu akamwambia Zuhura wangu, "Binti, chukua. Hii gari iko na mwili muzuri, ni moteri tu ndiyo ilikufa." Mtoto akapanda ngazi mbio kuniambia. Unajua amepata kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, leo Walthamstow kesho kwingine, na zamu zake huanza alfajiri. Gari analihitaji kweli. Nikasema sawa, atachoka mwenyewe, ataliuza chuma chakavu.

Hakuchoka. Na mimi nilijua mwanangu ana kichwa kigumu, lakini sikujua kwamba kuna mtu anamtia nguvu.

Jumamosi moja nikashuka na chai ya tangawizi na mahamri. Sijafika mlangoni nikasikia sauti yako. Wallahi nilidhani nimepandwa na kitu. "Usikaze kwanza, mwanangu. Zungusha kwa mkono mpaka igome, ndiyo ushike spana." Kuchungulia, simu imeegemezwa kwenye tairi, wewe umo ndani na kofia yako ileile, na kutoka chini ya gari binti yangu anajibu, "Naam, mjomba. Imegoma." Kwa Kiswahili! Mtoto ambaye mimi nikimwita aje kula hunijibu kwa Kiingereza tangu chekechea.

Ningecheka, Kaka, lakini nikaiona injini. Ilikuwa pembeni juu ya matairi mawili, imefunikwa nusu kwa shuka langu. Mimi si fundi, ila nimelelewa nyumba moja na mafundi, najua injini ya gari dogo na ya gari kubwa. Ile ilikuwa kubwa. Ilikuwa kama ile uliyomtilia Bakari. Chai ikanimwagikia mkononi na sikuhisi moto. Nikarudi juu kimyakimya.

Tangu siku ile nimeishi kwa hofu tupu. Namwosha bibi wa watu kazini, gari likifunga breki barabarani mkono unaniganda, bibi anauliza kama mimi ndiye mgonjwa. Namwona Zuhura mahali alipokuwa Bakari. Sikukwambia haya hata siku moja, na leo nayasema. Bakari alikuja kwako gari lake limenoki. Ukamtilia injini kubwa, na mtaa mzima ukatoka kuisikiliza ikinguruma, mimi nikiwemo. Breki zikabaki zilezile. Kwenye mteremko wa Mazeras gari likakataa kusimama.

Tulipomzika sikukulaumu kwa mdomo. Lakini toka hapo sijapanda gari lililotoka mkononi mwako. Kila nikija nyumbani unakuja uwanja wa ndege kunipokea, nami nasema mizigo ni mingi, acha nikodi teksi. Wewe husema, "Haya, dadangu," halafu unatufuata na gari lako tupu mpaka mlangoni kwa Mama. Ulidhani sikuoni. Nilikuwa nakuona kwenye kioo.

Nikaamua kumkataza Zuhura. Alipopanda kula, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, nikamwambia lile gari kesho linakwenda kwa watu wa vyuma.

"Kwani nimekosa nini, Mama?"

"Muulize mjomba wako alichokuficha."

Akachukua tambara ajifute mikono. Kisha akauliza polepole, "Bakari ni nani?"

Kaka, unajua jina hilo halitajwi kwangu, na hata huko halitajwi mbele ya Mama. Nikamwuliza amelipata wapi.

"Mjomba akijisahau huniita hivyo. Anasema, 'Taratibu, Bakari.' Nami najifanya sikusikia."

Nikakaa sakafuni palepale jikoni. Nikamweleza yote, tangu injini mpaka Mazeras. Alisikiliza huku anajifuta vidole kimoja kimoja kwa tambara. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana hajaniruhusu kuigusa injini. Miezi miwili sasa ananifanyisha breki tu. Diski za gari kubwa, pedi mpya, paipu mpya. Natoa hewa kwenye paipu, ananiambia rudia. Nikimwuliza injini lini, anasema kwanza lisimame, kwenda litakwenda tu."

Nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu niliona umekuwa ukijibebesha mwenyewe lawama niliyodhani nimekubebesha mimi tu. Hasira ilinitoka siku hiyo. Hofu haikutoka, tusidanganyane.

Injini waliitia yeye na Papa Dieudonné, mzee akivuta mnyororo na kuimba mapambio, wewe kwenye simu ukiwapigia makelele wote wawili. Watu wa bima wakaambiwa injini si ile na breki si zile, maana huku ukikaa kimya ndiyo umejifunga. Likapelekwa kukaguliwa. Fundi wa ukaguzi akamwuliza Zuhura nani kalifanyia breki. Akasema, "Mimi na mjomba." Likapita.

Mimi nikadhani nimemaliza sehemu yangu. Akanijia na ufunguo. "Sitakwenda nalo kazini mpaka upande wewe kwanza, Mama." Nikasema sipandi. Nikasema kichwa kinaniuma. Nikasema nina nguo za kufua. Akabaki amesimama mlangoni vilevile, kama wewe, damu ni ileile.

Nikapanda. Huku kwetu ni bapa kama chapati, mteremko lazima uutafute, na yeye alikuwa ameshautafuta, Muswell Hill. Akasimama juu kabisa. Shahada nimeitoa sijui mara ngapi. Akasema, "Sema wewe, Mama. Ukisema simama, nasimama."

Tukaanza kushuka. Ikanguruma ile sauti, ileile ya siku mtaa ulipotoka kusikiliza. Mteremko ukatuvuta. Nilimwona anatazama kioo, nyuma hapakuwa na mtu, nami nikapiga ukelele, "Simama!" Mzungu mmoja njiani akageuka, yeye na mbwa wake.

Lilisimama, Kaka. Halikuvuta kushoto wala kulia. Mkanda ulinibana kifua, mkoba ukaruka chini, na gari limetulia tuli katikati ya mteremko. Nikasema, "Rudia." Akazunguka akapanda, tukashuka tena, nikapiga ukelele tena. Tulirudia mpaka yule mzungu akawa anatupungia mkono.

Sasa anakwenda nalo kazini. Nami kila alfajiri nakaa dirishani naisikiliza sauti mpaka inapotea, kisha naishika simu mpaka aandike amefika. Bado naogopa, nami nadhani nitaogopa mpaka nife. Lakini naogopa kama mama yeyote, si kama mwanzo.

Hapa anza tena kumsomea Mama. Mama, mkono wako naubusu. Dawa ya goti nimeinunua na shali nimekuchagulia ya zambarau uliyotaka. Kaka, wifi yangu Rukia msalimu sana, mwambie mapishi yake ya samaki wa kupaka nimeyaharibu mara mbili. Mume wangu anakusalimu. Papa Dieudonné anasema fundi kama wewe angekuwa kanisani kwao wangemtawaza.

Likizo ya mwezi wa saba mimi na Zuhura tunakuja. Mizigo itakuwa mingi kuliko siku zote, kwa sababu mpwa wako anataka kukuletea spana. Njoo utupokee na gari lako. Teksi sitakodi.

Dadako,
Mwanaidi