Maji Juu ya Moto Mweupe

Kapata, Kolwezi, Jumapili

Mama mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe na wote wa nyumbani huko Fungurume. Goti lako limepoa kidogo? Samaki wako sokoni wanatoka? Sisi huku tunapumua tu. Najua umechoka kuuliza kwa simu Hénock aliunguaje, nami kila mara nasingizia mtandao. Mambo haya hayasemeki kwa simu.

Jumanne vijana wachimbaji waliingia kwenye mgodi wa kampuni, walinzi wakawatoa kwa fimbo na risasi. Lukusa, yule aliyepiga picha za harusi yangu, alikuwa pale na kamera yake. Mwanao Hénock, akiwa ndani ya nguo zake za ulinzi, alimnyang'anya akampiga nayo mdomoni hadi meno yakamwagika. Hata alipoanguka hakumwacha.

Jioni alikuja karakanani kwangu na kamera yenye damu. Kadi ya picha alikwisha kuiponda kwa buti. Sasa alitaka kamera nayo ipotee. Nilikataa. Akasema ndugu hamfichui ndugu. Nikaipokea, Mama, ni ukweli.

Sisi tunaoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza masufuria tuna sheria yetu: kitu kikiwa chepesi na sumaku ikikikataa, ni alumini, kinaingia chunguni. Lukusa aliwahi kujigamba kwangu kwamba kifuniko cha juu cha kamera yake ni titani, isiyoyeyuka kwa moto wetu, basi hicho nikaking'oa. Kiwiliwili nikakitupa motoni. Stanislas, mchomeleaji jirani, ndiye aliyenieleza baadaye kuwa kilikuwa magnesi, na magnesi ikikolea moto haina adabu. Inawaka yenyewe.

Iliwaka nyeupe, haitazamiki. Hénock akaniita mimi dada yake kwa kelele, “Yaya Angèle, letaka mayi! Mayi, mbiyo!” Alipomwaga maji, moto ulilipuka ukamrukia usoni. Daktari anasema macho yote mawili yamekwenda.

Sasa, kitandani, anawaambia polisi Lukusa alificha bomu ndani ya kamera. Wamemtoa Lukusa hospitali, taya bado limefungwa bandeji, wakamtupa kasho, chumba cha mahabusu. Jana walimvunja vidole ili akiri. Mkewe Ndaya analia mlangoni kwangu, nami nampa uji, sina uso wa kumtazama.

Mama, kaa chini kwanza. Hakukuwa na bomu. Ndoo ile ya maji ni mimi niliyempa Hénock mkononi. Kila mtu wa kazi hii anajua maji hayakaribii chuma kinachowaka. Ndiyo maana tunaweka pipa la mchanga, na mchanga ulikuwa karibu nami kuliko maji. Lakini alikuwa ametoka tu kunisimulia, huku akicheka, jinsi Lukusa alivyotema meno. Nilitaka aungue. Nilijua, nikampa.

Kesho nakwenda kwa mwendesha mashtaka kusema hivyo hivyo, ili Lukusa atoke. Wanifunge. Hénock hajui bado. Nikimlisha ananishika mkono, anamshukuru Mungu kwa dada aliyempa.

Nisalimie wadogo zangu na mama wa jirani. Ukija Kolwezi, pitia hospitali kwanza. Kwangu uje ukiweza.

Mimi uliyenizaa,
Angèle Mushiya