Kila Bipu Nalipa Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Miguu imevimba, sanduku limefika na gurudumu moja. Kabla sijatoka uwanja wa ndege nilizima data, kama Bosi alivyoniapisha. Laini ni ya ofisi kule nyumbani, ina kikomo chake cha matumizi ya nje ya nchi. Nikikivuka inakatwa, na mshahara wangu unamegwa. Aliyenitangulia kuja kusomea hizi mashine za kupiga pasi mashuka alisahau kuzima. Aliporudi alikiona cha mtema kuni.

Mimi si mjinga. Intaneti ni ya bure kantini, basi. Na mama atanibipu kila asubuhi kama kawaida yetu — bipu moja, ameamka salama. Sipokei. Halipi, silipi. Tumewapiga chenga!

Jumatano, 5 Machi

Mvuke umenibabua mkono. Mwalimu anaongea kama anafukuzwa. Simu tunaziacha kabatini. Nikitoka kazini nakuta bipu ya mama. Leo na ya shangazi. Na ya mjomba! Dada kaugawia ukoo mzima namba yangu: mbipuni tu, asijione mpweke huko. Nimecheka peke yangu kitandani.

Lakini roho iko juu juu. Mama anapasuliwa moyo tarehe 27. Mimi narudi 22. Nitakuwepo. Lazima niwepo.

Jumamosi, 8 Machi

Bipu tele. Hata fundi viatu wa mtaani kwetu! Huyu naye kapata wapi namba?

Jumatatu, 10 Machi

Laini imekatwa! Ujumbe wa mwisho: umefikia kikomo. Kikomo cha nini? Sijaongea na mtu!

Nimekimbilia kantini, nikawaandikia huduma kwa wateja. Mhudumu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Kumbe simu isiyopokelewa, ikiita mpaka mwisho, inaenda kwenye sanduku la sauti, lile la kuachia ujumbe. Inatoka nyumbani kunifuata huku — nalipa. Inarudishwa nyumbani kwenye sanduku — nalipa tena. Ningelifunga hilo sanduku kabla ya kupanda ndege, kasema. Sasa nani aliniambia? Na mama yangu habipu kama watu. Kidole kizito, anaacha iite mpaka ichoke yenyewe.

Nimepandwa na hasira. Nikaandika kwenye kundi la familia, kwa herufi kubwa: ACHENI KUBIPU! KILA BIPU NALIPA MIMI! MNANIFILISI! Nikatoka kantini bila kusubiri jibu.

Jumanne, 11 Machi

 

Dada kaniandikia pembeni. Mama alimwomba amsomee ujumbe wangu, naye akausoma wote, hakuona unakoelekea.  Mama akaitia simu yake chini ya mto, akakataa kula. Baadaye ndipo akauliza: mwanangu nimemmaliza kiasi gani?

Ee Mungu wangu. Mimi nilikuwa nawagombeza akina mjomba! Nimerekodi sauti ya kuomba radhi, nikaituma mara mbili. Dada anasema mama hataki hata kuisogelea. Anaamini nayo nimeilipia. Hasira hasara. Nimelia chooni, kwa kuwa ndiko kwenye mlango unaofungika.

Jumatano, 12 Machi

Wamesogeza upasuaji. Kesho! Hali ya mama imeshuka, hawawezi kungoja. Daktari kamwambia dada bila kuzunguka: anaweza asiamke.

Nimemwomba Bosi ruhusa, kakubali. Lakini ndege ya karibu ni ya keshokutwa. Keshokutwa inanisaidia nini? Tumepatana, kesho kabla hawajamchukua, dada anipigie kwa intaneti ya kantini, amwekee mama simu sikioni. Sina mengi. Anisikie tu. Asiingie mle akidhani nimemkasirikia.

Alhamisi, 13 Machi

Kantini haina intaneti. Mafundi wanachimbua nyaya. Leo! Siku zote zilikuwa wapi?

Mwenzangu wa chumbani — tunamwita Bibi Pasi, anakunja hata soksi — kaniona nahangaika na simu kwenye ngazi. Kanipa simu yake yenye laini ya hapa. Piga kwenu, usiniulize bei.

Nikampigia dada. Kapokea! Wameshamvalisha gauni la kijani, kitanda cha kumsukumia kiko mlangoni. Nikamwambia mpe, mpe haraka. Nikasikia anambembeleza: mama, ni yeye, sema naye kidogo. Halafu sauti ya mama, kwa mbali, nyembamba: "Kata, kata! Anaishiwa hela mtoto!" Ikakatika.

Nimepiga tena. Dada analia. Kasema mama anaisukuma simu kwa mikono miwili. Nikapaza sauti ngazi nzima ikanigeukia: mwambie ya leo ni bure, simu ya mwenzangu! Dada akamwambia. Mama akajibu hakuna cha bure ugenini, mwenye simu hiyo arudishiwe simu yake. Na kwamba mimi nile vizuri. Ikakatika tena.

Mimi nimemsikia. Yeye hajanisikia.

Naandika simu ikiwa sikioni, nimeibana kwa bega. Bibi Pasi amekaa ngazi ya chini yangu. Mara ya tatu mama aliikata kabla dada hajapokea. Ya nne vilevile. Kwa hiyo bado yupo pale, bado ana nguvu za kukata. Kata mama, kata tu, napiga tena.

Inaita. Inaita bila kukatwa —