Isale Kwenye Kiti Changu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi. Mlima umejifunika tangu Ijumaa.

Evelyn amekuja tena na vitumbua. Vitumbua vya nini? Watu wanakuja Mezani kufanya kazi, si kufungua kinywa. Lakini wote walimzunguka pale kwenye printa, Godlove mbele, midomo inang'aa mafuta, eti hajui tuliishije kabla ya Evelyn.

Tuliishi vizuri! Mimi ndiye niliyeipanga nyumba hii ya Soweto, hapa Moshi, iwe ofisi, wakati Godlove anatengenezea laptop za watu barazani kwa mjomba wake. Mkataba una jina langu. Jina la Mezani nimelitoa mimi. Meza ya kwanza ni ile ya mninga aliyonichongea marehemu baba, na ndiyo ninayochorea kadi za harusi mpaka leo. Mgeni akibisha hodi, Godlove humwambia, "Karibu kwa Theo." Kwa Theo! Wengine walifuata mmoja mmoja — Pamela na hesabu za wafanyabiashara wake, Fredy na tovuti za wapanda mlima — tukachangia printa, betri za umeme, intaneti, viti. Ndiyo, tulichangia. Sikatai.

Evelyn ana miezi mitatu tu hapa. Baba yake mtu wa Kibosho lakini yeye amekulia Dar. Kichagga chake ni "aika" peke yake, anashukuru hata pa kusalimia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo wanavyosema. Huyu hana hata uzi.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao. Mkataba wa nyumba unaisha mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anataka kujua safari hii anaandikiana na nani. Nikasema na mimi, kama siku zote. Nimeshawaza: nasajili kampuni, Mezani inakuwa yangu kisheria, wao wanalipia viti kama wateja, maisha yanaendelea.

Halafu Evelyn, na sauti yake ile ya asali:

"Dada Theo, naomba kuuliza tu. Printa itakuwa ya nani?"

Ya kampuni.

"Na betri?"

Za kampuni.

"Sasa Pamela akiondoka kesho, alichochangia kinabaki kwako?"

Anauliza tu! Yeye anataka ushirika. Kila mwanachama kura moja, vitu ni vya wote, hakuna wa kuviuza peke yake, na mkataba wa nyumba uandikwe kwa jina la ushirika. Pamela akatikisa kichwa kukubali. Fredy naye. Nikasema ushirika ni mambo ya babu zetu na kahawa zao. Fredy akajibu kwamba kahawa hiyo ndiyo iliyomsomesha baba yake. Godlove akaangalia dari muda wote. Godlove!

Kinachoniuma, niandike tu maana hapa hasomi mtu, ni kwamba wazo lenyewe ni zuri. Ningelitoa mimi ningepigiwa makofi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Nimepanda Old Moshi kusali na Mama. Yeye hakuonekana kanisani, nikaingiwa na wasiwasi. Kufika nyumbani — pikipiki ya Godlove uani. Jikoni, Evelyn anamenya ndizi za mtori. Amejifunga kanga yangu! Mama anamwita "mwanangu" kama vile alimzaa Alhamisi nikiwa kikaoni.

Eti amekuja kujifunza habari za mfongo wetu, mfereji ule unaoteremsha maji kutoka juu hadi kwenye migomba. Kwa ajili ya katiba ya ushirika! Godlove ndiye aliyemwambia kwamba babu yangu mkuu Elimringi aliuchimba. Basi Mama akamwaga yote. Kwamba siku ya kuzibua matope ukoo wetu ndio unaofungua kazi, na kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inatolewa kwetu. Lakini maji ni kwa zamu. Sisi tunasubiri zamu kama wengine, na asiyekuja kuzibua hapati tone, hata awe nani.

"Kwa hiyo aliyeuchimba hakuumiliki?" Evelyn anaandika kwenye simu, vidole vinakimbia.

"Angeumiliki angeuzibua peke yake," Mama akasema, wakacheka wote watatu. Mfongo wetu. Babu yangu. Miaka yote hii sijawahi kuuliza swali hata moja, na sasa anauliza yeye.

Kisha wakaenda kuona masale, ile mimea iliyopandwa kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Evelyn: "Maua mazuri haya, yangependeza kwenye chungu pale mlangoni." Maua! Nilicheka mpaka Mama akanikata jicho. Akamweleza taratibu kwamba isale ni alama ya mpaka, na jani lake ni la kuombea msamaha. Akamsimulia ya baba mdogo Primus, ng'ombe wake alipomaliza maharage yetu. Mama alikuwa ameapa hatamsalimia mpaka kaburini. Primus akaja na isale mkononi, Mama akalipokea. Isale halikataliwi. Ukishalishika umesamehe, na kulirudia lile neno ni aibu kwako, si kwake.

Kuondoka, Evelyn kapewa mkungu wa ndizi. Mimi? "Wewe si uko mjini, soko liko mlangoni kwako." Na Evelyn anaishi wapi, mawinguni?

Jumanne, 10 Juni

Stika. Evelyn amechapa stika za CHA WOTE na kubandika kila kitu. Printa, router, birika.

Na meza ya baba.

Nimeibandua kwa kucha mbele yao. Evelyn akaomba radhi, alidhani meza zote zilichangiwa, machozi yakamlenga. Pamela akamshika bega. Kwa hiyo sasa mbaya ni mimi!

Jumatano, 18 Juni

Godlove ameandika kwenye group: afisa ushirika amepata nafasi ya kusimamia kikao cha kuanzisha ushirika, anakuja kesho, waanzilishi wote tuwepo. Nimejibu nina safari ya Holili, napokea karatasi za kadi kutoka Kenya.

Karatasi zingekuja na basi kama siku zote. Najua. Lakini bila mwenye mkataba watafanya nini? Wangoje. Wajue utamu wa kungoja.

Alhamisi, 19 Juni

Holili. Mzigo nimeupata mapema. Nikazima simu, nikakaa mgahawani na chapati, natazama malori yakisubiri kuvuka mpaka. Nikawa nawaza wanavyohangaika kunipigia, afisa anauliza huyo Theodora yuko wapi, Evelyn hana la kusema.

Nimewasha jioni. Hakuna aliyepiga. Hata mmoja!

Ijumaa, 20 Juni

Naandikia jikoni. Nimewaambia naenda kuchemsha chai.

Nimefika asubuhi, wote wameshakaa sebuleni, na kwenye kiti changu kuna isale. Jani moja, bichi. Nikajua papo hapo: Evelyn. Nani mwingine ana kosa na mimi? Isitoshe, isale hupewa mtu mkononi, halitupwi kitini kama rimoti, na ni mtu wa Dar tu angekosea hivyo. Moyo ukaruka kwa furaha. Amesalimu amri! Nyumba ni yangu, kampuni ni yangu, vitumbua alete tu.

Nikalishika, nikaliinua wote walione. "Nimepokea," nikasema. "Yamekwisha. Sina neno na mtu humu ndani." Nikaongeza na kahotuba, mgeni njoo mwenyeji apone, nikimtazama Evelyn kwa huruma kubwa. Yeye akamtazama Godlove.

Godlove akasimama. "Tunashukuru, dada Theo. Hilo ni letu sote."

Letu?

Jana afisa alikuja na hakuweza kurudi siku nyingine mwezi huu. Wakafanya kikao cha kuanzisha ushirika bila mimi. Katiba imepita. Viongozi wamechaguliwa, mwenyekiti Pamela. Evelyn alipendekezwa akakataa, akasema yeye bado mgeni. Hata hilo kanizidi!

"Tulijua utaumia," Godlove akasema. "Jana jioni nikapanda kwa mama kuomba ushauri. Akaenda mpakani, akalikata mwenyewe."

"Na kwa nini hukunipa mkononi?"

"Ungeniuliza la nini."

Kisha Pamela akasoma katiba. Theodora, aliyefungua Mezani, ndiye atakayefungua kila mkutano mkuu. Kikombe cha kwanza atamiminiwa yeye. Meza ya mninga ni mali yake. Kura yake moja, kama ya kila mwanachama. Asiyeshiriki siku ya usafi na matengenezo hatumii printa, hata awe nani. Mfongo mtupu! Wamenipa kila alichokuwa nacho babu Elimringi, na hakuna hata kimoja cha kuuza.

Imebaki saini yangu, leo hii mbele ya mwenye nyumba, nikubali mkataba wa nyumba uende kwa ushirika. Nikigoma, hawana nyumba. Ninaweza kugoma. Lakini isale nimelishika, na nimelipungia hewani kama bendera.

Nimempigia Mama sasa hivi, nanong'ona. Hakukana. Nimemwambia nilipokea bila kujua kosa ni lipi.

"Ungelijua ungefanyaje, ungesamehe nusu?" Halafu akauliza kama nimekula.

Namwonea wivu hata Mama, nimeona leo. Nawaonea wivu wote kwa jinsi walivyokaa pale jana na kukubaliana, na printa ile mbovu, na mimi niko Holili nahesabu malori. Huko sebuleni wanacheka. Sijui wanacheka nini na nataka kujua.

Honi nje. Mwenye nyumba. Godlove anafungua mlango, namsikia: "Karibu mzee, karibu kwetu."

Kwetu.

Nimetoa vikombe. Cha Evelyn nimekirudisha kabatini, nimekitoa tena.

Anagonga mlango wa jikoni, polepole. "Dada Theo, mzee amefika. Pamela amesema hatuwezi kuanza mpaka wewe ufungue."

Nimemjibu nakuja. Maji yanachemka mpaka yanamwagika. Isale bado liko mkononi, na kalamu iko mkono huu mwingine, na bado nimekaa.